Fulana za Marehemu Gradi

Nimechapa nyuso nyingi kwenye fulana tangu nihamie Kyebando: wagombea walioangushwa kwenye kura, maharusi walioachana kabla rangi haijafifia, na marehemu wa kila dini. Katika hao wote, marehemu ndio wateja wazuri. Hawarudi kulalamika kwamba pua imetoka kubwa. Nimewachekesha watu kwa maneno hayo miaka mingi, mpaka Jumatano moja marehemu mmoja alipoingia dukani kwa miguu yake mwenyewe, akaniambia pua nimeikosea.

Lakini ngoja kwanza nieleze nilivyomuua.

Naitwa Nerima. Nilitoka Bungoma na cherehani moja na watoto wawili, baada ya kibanda changu cha nguo kuungua mara ya pili. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilicheka, kwa sababu polisi aliyekuja kuandika habari alikuwa amevaa suruali niliyoishona mimi, na zipu ilikuwa imemfia njiani. Tangu siku hiyo najua kwamba mtu anaweza kucheka moshi ukiwa bado machoni. Nikaja Kampala. Sasa nina cherehani mbili, mashine ya kubandika picha kwa joto, pazia la kujaribia nguo, na baraza ninayogawana na Annick, msusi wa Kikongo kutoka Beni, ambaye husuka vizuri na kucheka vibaya: akianza hawezi kunyamaza.

Annick ana kaka mmoja, Gradi, sajini katika jeshi la kwao. Waasi walipovunja ngome upande ule, kikosi cha Gradi kilirudi nyuma, kikarudi tena, mpaka nchi ikawaishia miguuni. Waliosalia wakavuka mpaka wakaingia Uganda. Hapa wakaambiwa kwamba hivyo si vita vyetu: aliyekuja na bunduki aliiweka chini palepale mpakani, akaandikwa jina, akapelekwa kwenye kambi yenye waya huko magharibi. Mtu wa kambi ile si mfungwa na si mgeni. Anapewa chakula, anapewa blanketi, anahesabiwa kila asubuhi saa mbili, na hatoki mpaka vita viishe.

Gradi hakuwa kati ya waliovuka siku ya kwanza. Badala yake ilikuja simu. Meja wake, ambaye jina lake sitaliandika kwa sababu bado navipenda vidole vyangu, alimpigia Annick mwenyewe akasema kaka yake ameanguka vitani, amezikwa kwa heshima, asisumbuke kutafuta kaburi.

Wakongo wa hapa mtaani hawawezi kukaa matanga bila fulana. Na pale mwili usipokuwepo, fulana ndiyo inayobeba msiba wote. Nilichapa arobaini. Mbele niliweka Gradi na bereti yake, ndevu, macho makali kama ya mtu anayepimwa suti. Chini yake, Pumzika, Sajini. Nyuma, namba ya simu ya kupokea rambirambi. Simu ya Annick ilikuwa imeanguka kwenye beseni la kuoshea nywele wiki ile, kwa hiyo tukaweka yangu.

Siku tisa walilia. Fulana zikaenda zilikokwenda: kwaya, majirani, watu wa boda, binamu mfanyabiashara anayekwenda mpakani kila wiki. Nikasahau.

Jumatano hiyo asubuhi simu yangu ililia. Sauti ya mwanamume, laini, ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Mama, nauliza kuhusu Sajini Gradi. Alizikwa wapi?"

"Kulekule alikofia, bwana."

"Uliliona kaburi?"

"Mimi ni fundi cherehani. Makaburi yana mafundi wake."

Akacheka. Kicheko kilichelewa, kama vile kuna mtu pembeni aliyemwonyesha pa kuchekea. "Basi," akasema, "akija kukutembelea, nisalimie."

Niliona ni utani. Mimi mwenyewe hutania watu kwenye simu. Nikaendelea kubandika nembo kwenye shati la shule.

Saa tisa alasiri, nikiwa nimeinamia mashine, mtu akasema nyuma yangu, "Mama Fundi, ile pua si yangu."

Nikageuka. Ndevu hazikuwepo, nyama ya mashavu haikuwepo, lakini macho ni yale niliyoyachapa mara arobaini. Shati la shule la mtoto wa watu likaungua kwenye mashine mpaka likatoa moshi, na mimi bado namtazama.

Annick aliingia kuazima mkasi. Alimwona. Hakupiga kelele. Alikwenda taratibu mpaka mbele yake, akampiga kofi la nguvu, kisha akaanguka akaishika miguu yake kwa mikono miwili, kama mtu anayehakikisha kwamba inagusa sakafu.

"Yaya, kaka yangu, nilikulilia siku tisa!"

"Najua," Gradi akasema. "Niliona fulana."

Nilifunga mlango nusu, nikamkalisha nyuma ya pazia juu ya robota la vitambaa, tukampa chai. Akaeleza kwa Kiswahili chao cha kule, maneno yakimtoka kwa vipande.

"Nilikuja kununua muhogo kwenye waya. Yule mama anachagua, mi niko naangalia kifua chake. Naona ni mimi. Anavaa mimi! Namuuliza, ulitoa wapi hii shati? Anaangalia shati, ananiangalia, anapiga kelele, anaangusha muhogo yote. Kisha tunacheka. Kambi yote inacheka. Hata walinzi. Asubuhi kwa hesabu banasema, Marehemu, kuja uhesabiwe."

Annick alikuwa tayari ameanza kicheko chake. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimekumbuka ile simu.

"Ulitorokaje?"

"Niliruka waya juzi. Simu zetu zilichukuliwa. Nilisema, dada yangu analia bure, aone kwa macho yake, kisha nirudi."

"Gradi," nikamwambia, "kuna mtu amenipigia leo. Kaniambia ukija nikusalimie."

Nimewahi kuona rangi ikitoka kwenye kitambaa kibaya mara kinapogusa maji. Hivyo ndivyo uso wake ulivyokuwa. Akaweka kikombe chini, na ndipo akasema lile jambo.

Siku walipokimbia kulikuwa na malori mawili ya majeruhi. Majeruhi kumi na tisa. Meja akaamuru washushwe kando ya barabara, malori yafanye safari moja ya haraka, yatarudi. Wakapakia magunia ya kakao, mali ya meja mwenyewe. Gradi akaachwa kuwalinda majeruhi.

"Na malori?" Annick akauliza.

Gradi akatikisa kichwa: hayakurudi.

"Siku tatu," akasema. "Walikuwa wanaisha mmoja mmoja. Walinipa majina yao, na majina ya mama zao. Sikuwa na karatasi. Niliyaweka hapa." Akagusa kichwa. "Kisha nikatembea siku tisa kufika mpaka. Meja aliandika kwamba wote kumi na tisa walikufa wakipigana, na mimi nao. Alisifiwa. Sasa iko hapa Kampala, iko navaa suti."

Kwa hiyo meja alikuwa amelala usingizi mzuri muda wote huo, maana shahidi alikuwa kaburini, na mimi ndiye niliyelipamba kaburi lenyewe kwa rangi nne. Mpaka muuza mihogo alipocheka. Utani ulitoka kambini ndani ya magunia ya mihogo, ukafika mahali meja anapokunywa bia.

"Jumamosi," Gradi akasema, "banakuja watu wa Msalaba Mwekundu. Hesabu ya saa mbili itafanywa mbele yao. Kila mtu aseme jina lake, na aseme aliowaacha. Kama mi niko kwa mstari, nimeandikwa, nchi mbili zinajua niko. Hapo ndani hawawezi kunigusa. Kama siko kwa mstari..." Akavuta fulana moja iliyobaki rafuni, akaiweka kwenye mapaja yake uso juu. "Kwa karatasi nimekwisha kufa, Mama Fundi. Kuniua ni kazi ya kumalizia tu."

Ilikuwa Jumatano. Kambi iko mbali, safari ya mchana mzima.

*

Alhamisi asubuhi Oloya, kijana wa Kiacholi mwenye boda ambaye huegesha mbele ya baraza, aliingia akijifanya anatafuta kifungo.

"Nyabo, hii watu wawili pale kwa kona, wewe najua wao?"

Nikachungulia. Wanaume wawili kwenye kibanda cha soda, pikipiki moja, kofia mbili.

"Wanataka nini?"

"Hapana jua. Tangu asubuhi nakunywa soda moja. Soda moja, nyabo! Mimi nauliza, nyinyi nangoja abiria? Wao nasema, tunangoja ndugu." Akanisogelea. "Hapana ongea kama ndugu."

Hata sikupata muda wa kumjibu. Mtu mfupi, nadhifu, viatu vinavyong'aa mpaka ukiinama unajiona, alikuwa anapanda ngazi ya baraza. Oloya akateleza nje. Nyuma ya pazia nikasikia Gradi akiacha kutafuna.

"Habari ya kazi, mama."

Ile sauti. Laini, ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Nzuri, bwana. Karibu."

Akatoa kwenye mfuko wa plastiki fulana iliyokunjwa. Akaikunjua juu ya meza yangu, akaipapasa mpaka ikanyooka. Gradi wa kwenye fulana akatutazama sote wawili.

"Nilipewa na mama mmoja wa mihogo," akasema. "Inanibana. Nipanulie pembeni."

"Ulimjua marehemu?"

"Sana. Nataka inikae vizuri."

"Jina niandike nani?"

"Jean-Pierre."

"Jean-Pierre nani?"

"Inatosha."

Sasa elewa jambo moja kuhusu pazia langu. Nililikata fupi makusudi, limeachana na sakafu kwa shubiri moja, ili nione miguu ya mteja nijue kama amemaliza kuvaa. Ni ujanja wa kazi, nimewafundisha mafundi wengi. Jean-Pierre alisimama akiitazama ile nafasi. Nami nikaitazama. Sakafu tupu. Gradi alikuwa ameinua miguu.

Nikachukua utepe wa kupimia. Nikampima kifua, nikashuka kiunoni. Chini ya shati, upande wa kulia, mkono wangu ukagonga kitu kigumu, kizito.

"Simu," akasema.

"Simu kubwa. Mtandao wake unafika mpaka wapi?"

"Popote. Ila anayepigiwa hapokei mara ya pili."

Nikacheka. Nilicheka vizuri sana, hata leo najishangaa. Nikauinamia utepe, nikajifanya nausoma.

"Kuna mtu anajaribu nguo?" akauliza, kidevu kikielekea kwenye pazia.

"Yupo mama mmoja wa Mengo, mnene, zipu imemkwama tangu asubuhi. Amepanda juu ya robota ili aivute vizuri. Kama una nguvu ingia umsaidie, lakini mumewe ana wivu na ana panga."

Kwenye baraza Annick, ambaye alikuwa anasuka na amesikia yote, akapaza sauti bila kugeuka. "Mama Nerima! Yule mama bado hajatoka tu? Nilimwambia ile gauni ni ya binti yake!"

Jean-Pierre akatabasamu. Akaenda mlangoni, akasimama karibu na Annick, karibu sana, mpaka mteja anayesukwa akainama.

"Pole na msiba, dada."

"Asante."

"Umekonda. Kulia kunakondesha." Akaokota kitana chake sakafuni, akamrudishia. "Lakini jana, nimeambiwa, ulikuwa unacheka."

Vidole vya Annick vilisimama ndani ya nywele.

"Nitachukua fulana Jumamosi, mama," akaniambia mimi. "Saa mbili asubuhi. Saa ile wenzake wanapohesabiwa."

Akashuka ngazi. Wale wawili wa soda wakabaki kwenye kona.

*

Gradi akasema sauti ile si ya meja, ni ya mtu wake. Annick alitaka tumfunge Gradi ndani ya robota la mitumba. Nikamwambia mtu si mitumba, atakohoa. Oloya alisema anaweza kumtoa kwa pikipiki kupitia nyuma mpaka Kibuli, kisha apande basi la abiria. Lakini mabasi ya kwenda upande ule yanajulikana yanapoanzia, na mtu mmoja mwenye haraka anaonekana haraka. Tulikaa. Chai ikapoa. Gradi alikuwa amejikunja nyuma ya pazia, midomo inacheza. Nilidhani anasali, kumbe anarudia majina.

Mimi nilikuwa nikimtazama Oloya. Alikuwa ameketi mlangoni, amevaa fulana ya Gradi, ile aliyopewa siku alipobeba viti vya msiba. Nikagundua kwamba kwa dakika nzima nimekuwa nikitazama kifua chake. Uso wake wenyewe nilikuwa sijautazama hata mara moja.

"Annick," nikasema, "matanga yenu mlimaliza?"

"Matanga gani?"

"Ya huyu hapa. Mlifunga rasmi?"

Hawakuwa wamefunga. Bila kaburi walikuwa hawajui wakafungie wapi. Basi nikamwambia: kwaya nzima ivae fulana, basi la kanisa liandaliwe kwa safari, mwende mkafunge matanga kwenye lango la kambi, mbele ya wenzake. Jumamosi ni siku ya wageni. Nani atashangaa? Na katika watu thelathini wenye uso mmoja kifuani, ni nani atakayehangaika kutazama nyuso za juu?

Annick alizunguka nyumba kwa nyumba jioni ile akaiambia kwaya nusu ya ukweli. Mimi nilibaki na mashine. Gradi alihitaji fulana, na ile iliyokuwa rafuni alikuwa ameilowesha machozi na chai, imekunjamana, haifai. Nilikuwa na fulana moja nyeupe na picha bado imo kwenye kompyuta. Nikaifungua. Nikaitazama. Mwenyewe alikuwa nyuma yangu, mita mbili, hai. Kwa kweli alikuwa amesema kweli: pua nilikuwa nimeivuta nilipopanua picha.

Fundi ni fundi. Nikairekebisha, dakika tano tu. Nikachapa.

"Sasa umefanana," nikamwambia.

Akatabasamu mara ya kwanza. "Sasa naweza kufa vizuri."

"Funga mdomo."

Ijumaa saa moja asubuhi basi lilisimama mbele ya baraza. Kwaya ilikuwa imekwisha kuanza kuimba, wanawake mbele, ngoma nyuma. Gradi alitoka katikati yao, kichwa nimekinyoa kipara, ndevu hana, amekonda, amebeba chungu cha wali. Mama mmoja wa sauti ya pili alimwona. Akatazama kifua chake mwenyewe, akamtazama tena, na badala ya kunyamaza akaongeza sauti mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Habari ikapita kwenye mstari bila neno: kila aliyemwona aliimba kwa nguvu zaidi. Na Gradi aliimba nao. Alijiimbia msiba wake mwenyewe, sauti ya nne, hakukosea hata mahali pamoja.

Wale wawili wa kwenye kona walisimama. Mmoja alivua kofia kwa heshima. Mwenzake akainua simu akapiga picha, moja, mbili, nyingi, watu wakipanda.

Basi likaondoka. Nikaketi kwenye ngazi, nikacheka mpaka Oloya akaniuliza kama naumwa.

*

Jumamosi saa mbili kasoro robo Jean-Pierre alikuwa mlangoni. Amekuja peke yake. Wale wawili hawakuwepo kwenye kona. Nilipaswa kufurahi kwamba hawapo. Sikufurahi.

"Iko tayari?"

"Tayari."

Akavua shati mbele yangu bila haya, akavaa fulana. Ile simu yake kubwa aliiweka juu ya meza, kati ya mkasi na pini. Alijigeuza mbele ya kioo. Ilimkaa vizuri. Uso wa Gradi ulipanuka ukajaa kifuani pake, na juu yake uso mwingine, unaotabasamu.

"Wewe ni fundi mzuri, mama."

"Wateja wananifundisha."

"Fundi mzuri sana." Akatoa simu ndogo, ya kawaida, akaiwasha. Picha ya kwaya ikipanda basi. Akaikuza kwa vidole viwili, akanisogezea. "Nimeanza kuzitazama hizi jana jioni. Nilitaka kulala, nikashindwa. Tazama pua."

Nilitazama.

"Hii pana. Hii pana. Huyu mama, pana. Huyu mwenye ngoma, pana." Akasogeza picha. "Na huyu mwenye chungu?"

Nikaanza kuokota pini moja moja mezani.

"Hata marehemu anastahili pua yake," akasema kwa upole. "Umefanya vizuri. Vijana wangu waliondoka saa nne za usiku. Wana gari zuri, si basi la kanisa."

Akavuta kiti cha wateja akaketi, akanionyesha changu. Nikaketi. Nje watu walikuwa wakipita na mikate na maji, Jumamosi kama Jumamosi nyingine. Oloya alinitazama kutoka kwenye pikipiki yake, nami sikujua nimwambie nini kwa macho. Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili kamili. Jean-Pierre aliitazama, kisha akaitazama simu yangu iliyokuwa juu ya kitambaa.

Ikalia. Annick.

"Pokea," akasema. "Weka sauti tusikie wote."

Nikaweka. Mwanzoni ilikuwa upepo na watu wengi wakisema kwa mbali. Kisha Annick, kwa kunong'ona: "Mama Nerima, niko kwa waya. Tulitengana naye hapa langoni alfajiri, kulikuwa na watu wengi, kulikuwa na gari moja... sijui kama aliingia. Simwoni. Wameanza kuita."

Jean-Pierre aliegemea nyuma.

Sauti ya mlinzi ilikuwa ikisoma majina, na kila jina lilijibiwa kwa neno moja la kiaskari. Niko. Niko. Niko. Majina mengi. Niliona kidole cha Jean-Pierre kikigonga goti kufuata kila jibu, taratibu, bila haraka. Kisha mlinzi akaita, "Sajini Gradi!"

Kimya.

"Sajini Gradi!"

Upepo tu. Jean-Pierre akanyoosha mkono kwenye meza, akaichukua ile simu yake kubwa, akairudisha kiunoni, chini ya uso wa Gradi. Akaanza kuinuka.

"Marehemu!" mlinzi akaita mara ya tatu, na watu wakacheka kule. "Kuja uhesabiwe!"

"Niko!"

Ilitoka mbali, sauti ya mtu aliyekimbia, imekatika pumzi. Kisha ikaja tena, karibu zaidi: "Niko! Sajini Gradi, niko!" Annick akapiga ukelele uliokwaruza simu nzima.

Jean-Pierre alibaki katikati ya kuketi na kusimama.

Na Gradi hakunyamaza hapo. Nilisikia mtu akimwambia inatosha, kaa, na mwingine, kwa Kifaransa, akisema mwacheni aendelee. Akaanza. Jina la mtu, jina la mama yake. Jina la mtu, jina la mama yake. Hakupaza sauti. Aliyasema kama mtu anayeshusha mizigo mmoja mmoja kutoka kichwani, akihakikisha kila mmoja umefika chini salama. Ndani ya duka langu mtu aliyevaa uso wake alikuwa akihesabu kwa vidole. Vidole vilipokwisha akaanza upya.

"Kumi na tisa," Jean-Pierre akasema mwishoni, kwa sauti ndogo.

Akavua fulana. Akaikunja vizuri sana, kwanza mikono, kisha ubavu, kama mtu aliyefanya kazi dukani, akaiweka mezani uso chini. Akavaa shati lake akafunga vifungo vyote.

"Hii haina kazi tena," akasema. "Huyo sasa ameandikwa." Akatazama rafu zangu, mashine, lile pazia fupi, picha za wanangu wawili juu ya kioo. Alizitazama za wanangu kwa muda mrefu. "Mama, unayo picha yako mwenyewe? Nzuri?"

"Ya nini?"

"Ukiwa unacheka. Ukicheka unapendeza."

Mashine ya joto ikatoa mlio wake wa kuwa tayari, kama inayoingoja picha hiyo.

Akashuka ngazi taratibu, akimsalimu Oloya, akimpisha mama mwenye ndoo. Juu ya kitambaa simu ilikuwa bado wazi. Kwaya ilikuwa imeanza kuimba kwenye waya, ngoma juu, na Annick alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, kile kicheko chake kibaya kisichokoma.

"Mama Nerima! Umesikia? Iko hai, imeandikwa! Mama Nerima? Uko? Mbona hucheki?"